Chumvi Iliyokuja kwa Miguu

Supu isiyo na chumvi haina maana yoyote, na mpaka leo sijui ni nani wa kwanza aliyeamua kuwakalisha watu wazima mbele ya sufuria la supu ya namna hiyo kutwa nzima. Lakini ndivyo ilivyokuwa kila mwaka mtaani kwetu Kikuyu, pale Dodoma, siku ya mbio ndefu za kutoka Bahi. Wakimbiaji tulianza alfajiri kwenye stesheni ya Bahi, tukaifuata njia ya kando ya reli, tukapita Kigwe, Zuzu na Kizota, mpaka uwanja wa Kikuyu. Kabla ya kuondoka, kila mmoja wetu alipewa kiganja kimoja cha chumvi ya kule, ile ambayo akina mama wa Bahi huichemsha kutokana na udongo wa mbugani. Chumvi hiyo ndiyo iliyotiwa kwenye supu. Wakimbiaji wasipofika, hakuna anayekula.

Masharti hayakuwa mengi. Chumvi ije kwa miguu, isipande gari wala baiskeli. Aliyekuletea uji pale Zuzu, maana kila mkimbiaji alikuwa na mtu wake wa kumngojea Zuzu, asikuguse wala asikubebee kitu. Kukusema aliruhusiwa, na wengi waliitumia ruhusa hiyo vizuri sana. Halafu ufike kabla ya kipande cha reli, kengele yetu ya uwanjani, kugongwa. Kiligongwa adhana ya alasiri ilipokwisha. Ukifika baada ya hapo unapewa maji, unapewa pole, unapewa hata bakuli la supu, lakini chumvi yako unarudi nayo nyumbani.

Mwaka uliotangulia huu ninaousimulia, nilirudi nayo. Nilikuwa naliona sufuria kwa macho yangu wakati muadhini anamaliza, na muadhini wetu alikuwa na sauti nzuri lakini hakuwa mtu wa kurefusha mambo. Nililia kwa hasira mbele za watu. Mume wangu alikichukua kifurushi changu, akaimimina ile chumvi kwenye kikombe, akakiweka kabatini. Hakuna aliyethubutu kuipikia.

Miezi michache baadaye karakana aliyokuwa akifanyia kazi kule Kizota iliuzwa. Karakana hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa ng'ombe wa supu na lori la kutupeleka Bahi. Mwenye mali mpya akasema yeye kanunua mashine, hakununua mbio. Mafundi wakapunguzwa kazi, mume wangu akiwamo, akaja nyumbani na sanduku lake la spana akalisukumia chini ya kitanda.

Lazima nieleze alivyokuwa kabla ya hapo. Mume wangu alikuwa mtu wa mwakani. Mwakani tutapiga plasta, mwakani tutaweka bati jipya jikoni, mwakani utaniona nimeacha sigara. Nilikuwa namcheka na kumkera kwa neno hilo mpaka anatoka nje. Sasa alikaa barazani siku nzima na sigara yake, na neno mwakani halikutoka tena kinywani mwake. Ningelipia kulisikia. Nilikuwa mpiga chapa ofisini, mshahara wangu ulitufikisha mwisho wa mwezi kwa kuchechemea, lakini njaa haikunitisha kama ule ukimya.

Basi nikajiambia kwamba mwaka huu chumvi yangu itaingia sufuriani. Nyumba yetu ilihitaji kumaliza jambo moja vizuri, na sikuwa na jambo jingine la kumaliza. Nikaanza kukimbia kila asubuhi kabla ya kazi, nimevaa raba za mtumba ambazo ya kushoto na ya kulia hazikuwa zimezaliwa pamoja. Majirani walinihoji kama kuna mtu ananifukuza. Mume wangu nilimwandikisha kuwa mtu wangu wa Zuzu bila kumuuliza, akainua mabega tu.

Mbio zenyewe nusura zife. Bila karakana ikabidi tuchangishane wenyewe: huyu mbuzi, yule kuni, mwingine pikapu ya kutupeleka Bahi kwa zamu. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye kwao nyama hailiwi, akasema ataleta sufuria la dengu, nalo litangoja chumvi ya Bahi kama la nyama. Watu wakampigia makofi. Nadhani ndiyo siku tulipoamini kwamba mbio zitakuwapo.

Sasa, chumvi hubebwaje? Wakimbiaji wa zamani waliifunga kwenye kipande cha tyubu ya baiskeli, wakakaza ncha zote mbili kwa uzi. Mume wangu alinikatia kipande kizuri. Nikakikataa. Madukani ilikuwa imeingia mifuko ya nailoni, myepesi, yenye rangi, na mimi nikaona tyubu ni ushamba wa enzi za foleni za unga na sabuni. Nikaifunga chumvi yangu kwenye nailoni ya bluu, nikaifutika kiunoni chini ya fulana.

Mpaka Kigwe nilikuwa naimba. Baada ya Kigwe ulianza ule upepo wetu, unaokupiga usoni na vumbi lake lote, na mbigiri zikawa zinaingia kwenye soli ya raba ya kushoto. Kuna mahali nilitembea. Kuna mahali nilizungumza na reli kwa sauti. Tumbo lilikuwa limelowa, nikadhani ni jasho.

Zuzu nilimkuta mume wangu amesimama kando ya baiskeli yake na chupa ya uji. Nilipoinama kuuchukua uji pale alipouweka, mkono ukaenda kiunoni, ukakuta nailoni imechanika kama jani. Chembe za chumvi zilikuwa zimeitoboa, jasho likaingia, na chumvi yote ilikuwa imeyeyuka ikateremka mapajani. Ndiyo maana nilikuwa nawashwa.

"Imekwisha," nilimwambia. "Chumvi imekwisha. Narudi nyumbani."

"Nyumbani si ndiko unakokimbilia?"

Nilimtukana. Sitayaandika niliyosema. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akatoa mfukoni kile kipande cha tyubu nilichokikataa, kimejaa, kimefungwa ncha zote mbili. Akakiweka chini mbele yangu, maana kunipa mkononi hakuruhusiwa.

"Nini hiki?"

"Ya mwaka jana. Ya kabatini. Nimekuja nayo kwa miguu, baiskeli naisukuma."

Mwaka mzima nilikuwa nakipita kikombe kile kwa hasira, na asubuhi ile sikuona kwamba kilikuwa kitupu.

"Hiyo ni ya zamani, baba watoto. Watasema naiba."

"Haikutoka Bahi kwa miguu yako?"

"Ilitoka. Ilichelewa."

"Basi iwahishe," alisema. "Ukiulizwa, sema kweli. Na mimi nikiulizwa nitasema."

Nikaiokota. Bado nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonitoa Zuzu, miguu peke yake isingeweza. Yeye akanifuata nyuma kwa baiskeli, mbali kidogo. Nilikuwa naiogopa Kizota kwa ajili yake, maana ingebidi apite mbele ya lango la karakana, na tangu siku ya kupunguzwa alikuwa anazunguka njia nyingine. Pale langoni walikuwa wamekaa wenzake wa zamani wachache, wametoka nje kutazama mbio. Wakapaza sauti, "Fundi! Fundi!" Nikasikia kengele ya baiskeli ikilia nyuma yangu, mara nyingi, zaidi ya ilivyohitajika. Sikugeuka, nilikuwa nalia na sikutaka anione.

Nilikuwa nakanyaga ukingo wa uwanja muadhini alipoanza. Watu wakanishangilia, wengine wakinihimiza kwa Kigogo. Nikafika mbele ya bibi wa sufuria, mwanamke wa makamo ya mama yangu aliyekuwa akiisimamia supu ile tangu nilipohamia mtaani. Kwake kulikuwa na sharti moja zaidi, lisilovunjwa hata kama unazimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Bahi hawajambo?"

"Hawajambo." Adhana ilikuwa inaelekea mwisho.

"Na mvua wanaitegemea?"

"Wanaitegemea, bibi!"

Ndipo akapokea. Akakitazama kile kipande cha tyubu, akauliza kama alivyomuuliza kila mtu, "Imekuja kwa miguu?"

Ningeweza kusema ndiyo, na ingekuwa kweli. Lakini nikasema yote: nailoni, Zuzu, kabati. Muadhini akanyamaza. Yule mwenye nyundo alikuwa ameinua mkono, akausahau hewani, anasikiliza umbea.

"Mtu wake wa Zuzu yuko wapi?" bibi akauliza.

Mume wangu akaiegemeza baiskeli kwenye mti, akaja mpaka katikati ya watu. Alikuwa hajasimama mbele ya watu tangu kazi imtoke. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Ni chumvi yake, bibi. Mwaka jana aliileta kwa miguu yake, adhana ikamtangulia. Mimi nikaitunza. Leo ameikimbiza mara ya pili kutoka Zuzu."

Bibi akafungua uzi, akaonja chembe moja, akatutazama wote wawili.

"Kumbe hii imechoka kuliko ninyi nyote," alisema. Akamimina nusu kwenye nyama na nusu kwenye dengu. Kisha akamgeukia mwenye nyundo. "Wewe nawe, gonga! Unangoja nini?"

Kipande cha reli kikalia, watu wakakimbilia mabakuli. Nilikaa chini, raba nimezivua, sina nguvu ya kushika kijiko. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Mume wangu aliniletea supu, na sasa aliruhusiwa kunigusa, akanishika bega akakaa karibu. Halafu akachukua kile kipande cha tyubu kitupu, akakisuuza kwa maji ya kunywa, akakikung'uta, akaanza kukikunja.

"Litupe limpira hilo," nilimwambia.

Akakitia mfukoni.

"Nilitupe? Mwakani utabebea nini?"

Nikainamia bakuli langu. Supu ilikuwa imezidi chumvi, nikainywa yote.