Nne Iliyovunjika Mguu

Njau hakuwa mtu wa maneno mengi. Pale Makongeni, Thika, mafundi wenzake walizoea kumwona ameinamia gari la zamani, tambara lenye mafuta taa mkononi, akisugua injini mpaka namba yake ionekane. Hakushika spana kabla ya kuisoma.

"Njau, hiyo sura hujamaliza kuisoma tu?" walimtania.

Naye alicheka kidogo, macho chini. Shule aliishia darasa la nane, lakini wapenda magari ya zamani hawakununua kitu kabla yeye hajaangalia.

Ndiyo maana Odongo, mmoja wa wapenzi hao, alimpeleka Ruiru kuona Pijo 504 ya dizeli. Mwenye kuiuza, mjane aitwaye Nyawira, alikuwa ameiosha hadi inameta.

"Nataka injini iliyotoka nayo kiwandani," Odongo alisema. "Kama ilibadilishwa, siichukui."

"Ibadilishwe na nani? Marehemu aliipenda kuliko mimi!"

Njau alisugua. Namba ikatokea, akailinganisha na logbuku, kitabu cha usajili wa gari. Tarakimu zote sawa. Odongo alishaanza kutabasamu, lakini Njau hakuinuka. Ile nne ya mwisho ilikuwa na mguu mfupi. Akapitisha ukucha juu yake. Nne hiyo aliijua. Aliigonga kwa mkono wake mwenyewe.

Zamani, alipokuwa akijifunza kazi kwa fundi Wanyoike, sanduku lao la chapa za chuma za kugongea tarakimu lilikuwa na nne moja tu, nayo ilianguka sakafuni ikavunjika mguu. Gari likiwekwa injini nyingine, Wanyoike hakutaka mteja azungushwe maofisini kuisajili. Aliifuta namba iliyokuwepo, kisha akamwagiza Njau agonge ile ya kwenye logbuku. Njau aligonga akijiona fundi kamili.

Wanyoike alikuwa amekufa. Njau akinyamaza, mama huyu angeuza gari lake leo na hakuna ambaye angejua. Akisema, nani tena angempa kazi fundi aliyeghushi namba?

"Fundi, ndiyo yenyewe?" Odongo aliuliza.

"Si yake," Njau alisema, kana kwamba anaiambia injini.

"Si namba ni sawa?"

"Ni sawa kwa sababu niliigonga mimi."

Nyawira aliketi kwenye ngazi ya mlango. "Ngai! Kwa hivyo mzee wangu alinificha?"

"Hapana, mama. Yeye alitaka gari litembee tu. Mambo ya namba yalikuwa yetu."

Njau akakunja tambara lake, tayari kuondoka. Odongo alilizunguka gari mara mbili, akapiga tairi teke, kisha akasimama.

"Na ile ya kwanza ilienda wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Njau swali tamu kama hilo.

"Ngoliba. Ilikuwa imechoka, Wanyoike akaifufua, akamuuzia mtu wa kusaga unga. Sijui kama bado iko."

"Twende tukaone."

Waliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa ikinguruma ndani ya kibanda cha mabati, nyeupe kwa unga kutoka juu hadi chini. Aketch, mwenye kinu, aliizima kwa shingo upande. Njau akapiga magoti, akafuta. Namba ikatokea, ile ile, na nne ya mwisho ilikuwa na mguu wake mzima. Njau akacheka kwa sauti, Odongo akamgeukia kwa mshangao.

"Mnaiombea ama?" Aketch aliuliza. "Watu wanangoja unga."

Odongo akamweleza kwamba anataka kuichukua na kumwekea ile ya kwenye gari.

"Hiyo yenu inawaka mara moja asubuhi?"

"Inawaka," Njau alisema.

"Basi leteni. Mahindi hayasomi namba."

Wiki iliyofuata Njau alizibadilisha injini hizo mbili. Kabla ya kuifunga kwenye kinu ile iliyotoka kwenye gari, alichukua patasi akaikata namba ya uongo kwa mstari mmoja, Odongo akiangalia. Nyawira alikuwa ameshamuuzia Odongo gari lake.

"Fundi," Odongo alisema, "namba za uongo ulizogonga ni ngapi?"

Njau alitazama sakafu. "Ninazokumbuka, zingine tatu."

Odongo akatoa funguo za gari mfukoni. "Tuanze na ya wapi?"

"Kiganjo," Njau alisema, akainama kuchukua tambara lake.