Sanduku la Raimundi Mbele ya Moto wa Baba

Baba yangu hakumkataa Raimundi kwa ubaya. Alimkataa kwa sababu hakumsikia.

Mzee Nikodemu, ndiye baba yangu, alikuwa mpiga ngoma wa sangula, ngoma yetu ya kucheza, tangu kwao Mahenge, kabla hatujahamia Ifakara, na ngoma zilimlipa kwa kumharibia masikio. Radi aliisikia. Mlango ukigongwa kwa ngumi aliusikia. Lakini sauti nyembamba zote zilikuwa zimemkimbia: ndege, kengele za baiskeli, wanawake wakiongea. Mimi alinisikia nikigomba tu, na wanaonijua wanasema ndiyo maana nikazoea kugomba.

Alikuwa na kanuni yake, wala si ya kabila, ni yake mwenyewe: anayetaka binti yake aje aonyeshe kazi. Mkulima alipewa kipande cha shamba alime. Mvuvi alikwenda naye mtoni. Mume wa dada yangu alisuka mgono wa kutegea samaki mbele yake huku jasho linamtiririka, baba akaugeuzageuza mikononi, akauvuta huku na huku, akasema haya, mchukue.

Raimundi alikuwa utingo wa lori lililopeleka mchele Kidatu na kurudi na chumvi na sabuni. Baba alisema kukaa juu ya magunia si kazi, maana hata magunia yenyewe yanakaa. Kwa jembe pia alijaribiwa. Baba alimtazama kidogo tu, akamnyang'anya.

Ikabaki gitaa. Na kwa gitaa, mimi nawaambia, mtu yule alikuwa mtu. Alikuja Jumapili moja baada ya misa, akaketi kwenye kigoda mbele ya baba, akapiga wimbo alioutunga mwenyewe barabarani, mpaka nikaegemea mwimo wa mlango nimsikilize. Baba alivitazama vile vidole vikipanda na kushuka. Wimbo ulipokwisha, alimgeukia mama akauliza kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe:

"Tekla, huyu kijana ana upele? Mbona muda wote anajikuna tumbo?"

Habari hiyo ilifika kisimani kabla yangu. Wiki nzima nikichota maji wenzangu walikuwa wakijikuna matumbo na kucheka. Niliwatukana wote, lakini usiku nililia. Nilimpenda yule mtu, na baba akishasema neno halirudi.

Hiyo ilikuwa mwaka hamsini na saba, wakati wa masika, mto Lumemo umejaa na kila kitu ndani ya nyumba kina ukungu. Raimundi alipotea kwa muda. Aliporudi kutoka safari alikuja kwa miguu, na kichwani amebeba sanduku la mbao lenye kitambaa cha kahawia usoni na kitufe kimoja.

"Baiskeli iko wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo hii," akajibu.

Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa amekwenda mpaka Morogoro kwa fundi redio, Mgoa mmoja aliyemtengenezea mwanamuziki wa dansi sanduku la kukuza sauti ya gitaa, na mwanamuziki akahama bila kulichukua. Raimundi alitoa baiskeli yake, akachukua sanduku. Baiskeli ile ndiyo iliyokuwa initoe nyumbani kunipeleka kanisani siku ya harusi! Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa.

Yeye aliningoja nimalize. "Balbina," akasema, "nikiwa na baiskeli bila wewe, nitampakia nani?"

Nikasema lete nilione.

Mimi nina ugonjwa mmoja: kitu kikifungwa, lazima nijue ndani kuna nini. Nililizunguka lile sanduku kama kuku anavyozunguka gunia la mpunga. Nyuma lilikuwa wazi. Mle ndani kulikuwa na chupa mbili ndogo za kioo. Fundi alikuwa amemwambia zinaitwa vali, sisi tukaziita taa. Mbele, nyuma ya kile kitambaa, kulikuwa na bakuli la karatasi nyeusi, pana kama sahani, na hilo ndilo spika. Waya mmoja ulikwenda kwenye kidude cha chuma kilichofungwa chini ya nyuzi za gitaa, na nyaya nyingine mbili zilitaka betri. Betri ilikuwa ya lori. Dereva, Barnaba, aliikopesha kila Jumapili, kwa masharti kwamba lori likigoma kuwaka Jumatatu, Raimundi atasukuma peke yake.

"Sauti inatoka wapi?" niliuliza. "Kwenye taa au kwenye karatasi?"

"Fundi alinieleza," akasema Raimundi, "lakini alieleza upesi."

Jumapili hiyo yeye na Barnaba wakalileta uani kwa baba. Raimundi akaamkia kwa kupiga kelele, "Shikamoo mzee!" Baba akaisoma midomo yake, akaitika marahaba. Nyaya zikafungwa, kitufe kikazungushwa. Kimya. Majirani waliojipanga kwenye ua wakaanza kuguna. Raimundi akawaonyesha kwa mkono wasubiri, na zile taa zikaanza kupata wekundu taratibu, mpaka sanduku likavuma peke yake kabla hajagusa uzi.

Baba alikuwa ameshainuka kwenye kiti chake. Alizunguka nyuma, akainama, akachungulia. Ugonjwa wangu nimeurithi kwake.

"Hizi zinafanya nini?"

"Zinapata moto, mzee!" Raimundi akamwambia sikioni. "Bila moto halisemi!"

Baba akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Akarudi kuketi. Raimundi akapiga. Uani kwetu hakujawahi kusikika kitu kile; sauti ilipita juu ya mapaa, watoto wakakimbia, mbuzi wa jirani akakata kamba. Mimi nilimtazama baba tu. Alikuwa amekunja uso, ameinamisha sikio la kulia, halafu la kushoto.

"Nasikia nyuki," akasema mwishowe. "Nyuki wako mbali. Gitaa sijalisikia."

Raimundi alizima, akakaa na mikono kati ya magoti. Nilitaka kwenda kumshika bega na sikuweza, kwa kuwa baba yupo. Lakini baba hakusema aondoke. Alilitazama tena lile sanduku, akagusa mbao zake kwa kiganja.

"Limelowa," akasema. "Masika haya vitu vyote vimelowa. Liache hapa, ukienda na lori litazidi kulowa. Jumapili ijayo kuna ngoma, nitalisikiliza tena. Nisipolisikia hiyo Jumapili, basi, binti nitampa mwingine, na wewe usinichukie."

Wiki hiyo nilikula kidogo. Baba naye alikuwa na mambo yake. Kila nikipita nilimkuta amechuchumaa nyuma ya sanduku, anachungulia, halafu anakwenda mbele kuchungulia tena.

Sasa, kwa asiyejua ngoma: ngozi ikinyonya unyevu hulegea, na ngoma iliyolegea hailii, inakohoa. Kwa hiyo kabla ya kucheza huwashwa moto wa mabua, na ngoma hupangwa kuuzunguka, nyuso zao zikitazama moto, mpaka ngozi ikaze. Baba katika jambo hilo alikuwa na wivu mkali. Moto wake ulikuwa wa ngoma zake. Wapigaji waliokuja kutoka Lupiro kusaidiana naye waliwasha moto wao kando. Hata rafiki zake hakuwaruhusu kupasha ngoma kwenye moto wake, akidai ngoma ngeni huiba joto. Mama alikuwa akimcheka kwa hilo.

Jumapili ikafika. Mimi na mama tulitoka misani, Raimundi akaja nyuma yetu na Barnaba, wamesaidiana kubeba betri. Tulipokaribia nyumbani nikasikia harufu. Haikuwa ya mabua. Ilikuwa ya kitambaa.

Niliacha viatu njiani nikakimbia. Uani moto wa mabua ulikuwa unamalizikia. Ngoma za baba zilikuwa zimeuzunguka kama siku zote, na katikati yao, kati ya ngoma kubwa na ile ndogo aliyoipenda, lilikuwa sanduku la Raimundi, uso umetazama moto. Kitambaa kilikuwa kimeungua chote. Ile karatasi nyeusi ilikuwa imejikunja na kupasuka ukingoni. Baba alisimama juu yake akipuliza moshi.

Nikagomba. Nilimgombeza baba yangu mzazi mbele ya majirani, na siku hiyo alinisikia kila neno. Nilimwambia kama hanitaki niolewe aseme, asiunguze vitu vya watu. Nilimwambia mtu ametoa baiskeli yake. Raimundi alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, akikusanya majivu ya kitambaa kwa vidole, na hilo liliniuma kuliko yote.

Mama akanishika mkono. "Balbina, nyamaza. Hebu angalia alikokuwa ameliweka."

"Naona! Kwenye moto!"

"Kwenye moto wa nani?"

Nikatazama lile duara la ngoma. Ngoma kubwa, sanduku, ngoma ndogo. Ngoma ngeni haikuwahi kukaa kwenye moto ule. Raimundi naye akainua kichwa, maana alikuwa amewahi kuwaona wale wazee wa Lupiro wakihangaika na mabua yao kando.

Baba alimgeukia yeye, si mimi. "Ulisema bila moto halisemi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na baba hakuwa na sauti ndogo. "Nimeunguza ngoma ya mtu. Anayeunguza ngoma ya mtu huiwamba upya kwa mkono wake. Kaa hapa."

Watu waliokuja kucheza walirudi makwao. Baba alitoa ndani ngozi ya kenge aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya ngoma yake ndogo, akaikwangua kwa kisu mpaka ikawa nyembamba ya kupitisha mwanga. Raimundi alifungua misumari, akalitoa spika. Katikati yake palikuwa pazima, na zile taa, kwa kuwa zilikaa nyuma, hazikuguswa. Ukingo tu ndio ulioliwa na moto.

Matope yalilizuia lori siku zilizofuata, nao waliinamia kazi ile wote wawili, vichwa vinakaribia kugongana, na mimi nikapata visingizio vya kupita na ufagio. Baba aliuliza kila kitu. Kwa nini karatasi? Kwa nini bakuli na si sahani? Raimundi alimshika kidole akakiweka katikati ya spika, kisha akaniambia nigusishe waya mara moja kwenye betri, aliyoiazima tena kwa Barnaba. Karatasi ikaruka. Baba akakiondoa kidole, akakirudisha, akaniamuru nigusishe tena.

"Kumbe inapigwa kutoka ndani," akasema. "Ni ngoma isiyo na mkono."

Basi hapo hata mimi nikaelewa sauti inatoka wapi, jambo ambalo fundi alilieleza upesi.

Ukingo ulioungua waliukata, wakaweka pete ya ngozi ya kenge, na kuigandisha kwa ulimbo, ile gundi ya kunasia ndege wa mpunga. Baba hakutaka ikaushwe juani. Moto hakuutaja tena. Ilikauka kivulini kwa subira, na kila asubuhi yeye ndiye wa kwanza kwenda kuigusa kwa ncha ya kidole.

Siku ya kulijaribu hakukuwa na majirani, baba hakutaka. Barnaba alileta betri akakaa nayo mlangoni. Raimundi akazungusha kitufe, tukasubiri taa ziwe nyekundu, na hakuna aliyeguna.

Akapiga. Nikafumba macho kwa huzuni. Ule utamu uliotembea juu ya mapaa haukuwapo. Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, inatoka chini kama mtu mzima anayeimba akiwa na mafua. Nyuzi nyembamba zilipotea, na zile nene zilingurumisha kigoda changu. Raimundi aliona aibu, nilimwona shingoni. Lakini aliendelea, wimbo uleule wa barabarani, tangu mwanzo.

Nikafumbua macho nimtazame baba. Hakuwa amekunja uso wala kuinamisha sikio. Alikuwa ametulia, na kidole chake kimoja kilikuwa kinagonga gotini. Kiligonga mahali pake. Raimundi alipopunguza mwendo, kidole kikapunguza. Raimundi alipofika pale pa kuvuka kwenda sehemu ya pili, akachelewa kidogo, nadhani kwa kumwangalia baba, na kidole cha baba kikabaki hewani.

Baba akainua mkono. Gitaa likanyamaza.

"Hapo," akasema, "umekosea. Umechelewa kuvuka. Rudia."

Raimundi alinitazama, macho yamejaa. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na sikujali nani ananiona. Akainama, akarudia, na safari hii akavuka kwa wakati wake.

Mama hakusubiri neno lingine. Aliingia ndani, akatoka na mtungi mkubwa wa kupikia pombe ya harusi, akauinamisha uani na kuanza kuuosha.