Siku Tatu Zilizosahauliwa na Profesa

Pale maabara walimwita Mama Sahani. Miaka kumi na tisa alikuwa akilea seli changa za ubongo wa panya katika visahani vya plastiki, mpaka zigeuke seli za neva.

Yeye ndiye aliyegundua jambo ambalo bosi wake, Profesa, hakuliona. Kuna kimeng'enya kinachokata protini inayozizuia seli changa zisikomae. Kikianza kukata mapema, seli hukomaa kabla ya kuongezeka, zikawa chache, zikafa. Mama Sahani alikizuia kwa dawa siku tatu, kisha akakiachia. Neva zikachipua tele.

Alipomweleza, Profesa alimsikiliza nusu nusu, macho kwenye simu. Miezi minane baadaye makala ya Profesa kuhusu ugunduzi huo ikatoka kwenye jarida. Jina la Mama Sahani halikuwamo.

"Fundi ni mikono tu," Profesa alimwambia. "Mikono haiandikwi."

Mama Sahani akaondoka. Nyumbani alimwambia dada yake, "Huyu nitamkomesha. Wala sitamgusa."

Alikuwa ameisoma makala mara mbili. Zile siku tatu hazikutajwa popote. Angeweza kumwambia Profesa. Akanyamaza, na kunyamaza huko kukamnenepesha moyo.

Wageni kutoka chuo kingine walipotaka kujionea, Profesa alimwagiza aandae seli. Akaziandaa kama makala ilivyosema, neno kwa neno. Siku ya tisa mkuu wa wageni, mama mmoja mwenye mvi, akainama kwenye hadubini.

"Hizi zimekufa," akasema.

Profesa akamgeukia fundi wake. "Umefanya nini wewe?"

"Nimefuata maandishi yako, Profesa."

"Kuna hatua imerukwa?" mgeni akauliza.

"Ipo," Mama Sahani akajibu. "Mwenye makala atawaeleza."

Profesa akapekua makala yake, ukurasa hadi ukurasa. Mama Sahani akamwacha atokwe jasho hadi kola ikalowa. Ndipo akawaletea wageni kisahani alichokiandaa pembeni kwa zile siku tatu, chenye neva hai, na daftari lake lenye tarehe zote.

Jarida lilichapisha masahihisho, jina la Mama Sahani likiwa la kwanza. Wiki hiyo Profesa akamfuata mezani.

"Mama, yaishe. Nifundishe zile siku tatu."

"Nitakufundisha. Kwanza osha chupa zile."

Chupa zilikuwa arobaini. Profesa akakunja mikono ya shati, akaosha. Mama Sahani akazikagua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akamrudishia saba.