Uvimbe Uliosifiwa

Dada yangu alipojifungua, nyumba yetu ya mtaani Galbet ilijaa wanawake na masufuria. Kwetu mzazi hukaa ndani hadi siku ya arubaini, na kazi yake ni kula. Asubuhi supu ya mbuzi yenye chumvi, mchana wali na samli, jioni supu tena. Akinenepa, waliomlisha husifiwa.

Miguu yake ikaanza kuvimba.

"Mashallah, tazama miguu!" akasema eddo, shangazi yetu aliyesimamia jiko. "Mumewe akija hatamjua."

"Atadhani tumembadilishia mke," jirani akajibu, wakacheka.

Kicheko kile kilinikera. Dada alikuwa analala ameketi, kaegemea mito, kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Nilimbonyeza kifundo cha mguu kwa dole gumba. Shimo likabaki pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Eddo, mafuta hayabonyei hivi."

"Chuo kikuu kimekufundisha kubonyeza wazazi?"

Nikamwita mhudumu wa zahanati nyumbani. Akasikiliza kikohozi, akasema homa ya mapafu, akatoa vidonge. Miguu hakuitazama. Nilipomuuliza kama homa ya mapafu huvimbisha miguu, akaniuliza daktari ni nani kati yetu. Na supu ikaendelea kuja.

Siku dada aliposhindwa kumaliza sentensi, niliita tuktuk. Eddo akaziba mlango kwa mwili wake.

"Mzazi hatoki kabla ya arubaini! Upepo utamwingia."

"Eddo," dada akasema, akivuta pumzi kwa shida. "Nipishe."

Akapisha.

Hospitalini daktari alimpaka mafuta kifuani, akatazama moyo kwenye skrini. Misuli imelegea, akatueleza, haisukumi damu ya kutosha. Damu inarundikana nyuma, maji yanavujia mapafuni na miguuni. Figo nazo, kwa kuona damu inayozifikia ni haba, zinadhani mwili umekauka, hivyo zinang'ang'ania chumvi na maji. Kumbe sisi tulikuwa tukiziletea vyote viwili kwa bakuli!

"Supu ndiyo iliyomharibia moyo?" nikauliza.

"Hapana. Iliuongezea mzigo. Ugonjwa huu huwapata baadhi ya wanawake karibu na kujifungua. Kwa nini yeye, sijui."

Wiki nzima kila mtu alikuwa anajua. Huyu aliyesema hajui ndiye niliyemwamini.

Dawa zikamfanya akojoe, uvimbe ukashuka, akalala tena kama watu. Moyo bado ni dhaifu. Kupona kabisa, daktari hakutuahidi.

Siku ya arubaini wanawake walirudi na uvumba na mashuka mapya. Wakamwona.

"Miskina! Mbona amekonda hivi? Hamkumlisha?"

Nilimtazama eddo, nikingoja awaambie. Anajua kila kitu, alikuwepo daktari akieleza. Akainamisha macho, akasema, "Alikataa chakula."

Mmoja wa wale wageni alikuwa na mimba kubwa, na amevua viatu kwa kuwa vinambana. Nikaketi mkekani mbele yake.

"Abaayo, dada yangu," nikamwambia, "ninyooshee mguu."

"Mwache mgeni!" eddo akafoka.

Mgeni akaunyoosha. Nikabonyeza kifundo kwa dole gumba, wote wakitazama kama shimo litabaki.