Filamu ya Vikaragosi Niliyomtafsiria Mama

Mimi nikishaamua jambo, mume wangu huacha kubishana akatoka kwenda kuosha gari. Mwishoni mwa 2015 gari letu lilikuwa safi kuliko yote hapa Louisville, Marekani, kwenye baridi ile, kwa sababu nilikuwa nimeamua kumtoa mama yangu Buffalo na kumleta kwangu.

Mama alikuwa akiishi na kaka yangu, karibu na Grant Street, tangu walipotoka kambi ya wakimbizi. Sasa kaka alikuwa amepata kazi ya kiwanda cha nyama katika jimbo la mbali, na angehama na mkewe baada ya mwaka mpya. Mama alikuwa na njia mbili: amfuate kaka kwenye mji asikojua mtu, au aje kwangu. Akachagua kumfuata kaka. Nilipomwuliza sababu kwenye simu, alinijibu bila kuzunguka, kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Kwako nilikuyaka mu wakati ya joto, wiki mbili. Donc, nilikuwa kama kiti. Ule mtoto wako anapita, ananisalimia Kizungu, anaenda. Nikimwambia kitu, anakuangalia weye. Mi nilisemaka na bakalimani mu biro ya wakimbizi miaka na miaka. Mjukuu wangu sitasema naye vile."

Iliniuma, tena iliniuma zaidi kwa sababu ilikuwa kweli. Binti yangu alikuwa na miaka saba. Kiswahili alikisikia chote, hata yale ambayo sikutaka ayasikie, lakini kujibu alijibu Kiingereza. Nami nikitoka kufungasha maboksi ghalani Jeffersontown, miguu inawaka moto, ilitosha kwamba tunaelewana.

Desemba ile mwalimu wake aliwaonyesha darasani filamu ya Krismasi ya zamani, ya vikaragosi. Si katuni za kuchorwa. Ni wanasesere wa kushikika, wa mbao na sufu, wanaotembea kwa kushtukashtuka kwenye theluji ya pamba. Inamhusu mbuzi mdogo wa sufu aliyesahauliwa nje siku ya kuamkia Krismasi. Binti yangu aliipenda mpaka tukaiazima maktaba, na ikawa ndiyo chakula chetu cha kila jioni. Siku moja, nikiwa nakunja nguo, nikajikuta namtafsiria yule mbuzi kwa sauti nene, kama watafsiri wa vibanda vya video kule kambini.

Ambaye hakuwahi kuwasikia watu wale amekosa mengi. Kambini Kigoma kulikuwa na kibanda cha maturubai, jenereta, televisheni moja na bwana mmoja mwenye kipaza sauti. Filamu ilikuwa ya Wachina au ya Wamarekani, lakini watu walimfuata yeye. Aliongea juu ya sauti zao, akawapa makwao na koo za kwetu, akawatukana waoga, akamwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Filamu ikinyamaza yeye hakunyamaza, maana mtafsiri akikaa kimya watu wanapiga miluzi. Wasichana hatukuingia. Mimi niliuza mandazi nje, na filamu zote nilizisikiliza kupitia turubai.

Binti yangu alicheka mpaka akashika tumbo. Hapo nikaona njia. Ningemkalisha mama na mjukuu wake mbele ya filamu ile, nitafsiri kila neno, wacheke pamoja, na mama aone kwamba nyumbani kwangu kuna kicheko na yeye yumo.

"Mama hataki mkalimani," mume wangu akasema, "na wewe unampelekea mkalimani?"

Nikamwambia gari ni chafu.

Njiani kwenda Buffalo tulilala Columbus, kwa mdogo wangu anayekaa Reynoldsburg na kufanya kazi ya kutunza wazee. Nilifanya mazoezi sebuleni kwake, wanawe wakaburudika. Yeye alikuwa ametoka zamu, amejinyoosha kwenye kochi na sare yake ya kazi.

"Yaya, unasema sana," akaniambia; kwetu yaya ni dada mkubwa. "Hata ule mbuzi anachoka."

Nikasema ni wivu. Asubuhi tukaendelea, na kuanzia pale barabara inapolifuata ziwa, theluji ilianguka kwa nguvu hata mume wangu akataka tugeuze. Nikamwambia twende polepole, lakini twende. Tukaenda.

Siku ya Krismasi, nyumbani kwa kaka, baada ya kutoka kanisani na kula sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa kwetu, mpaka watu wakalegeza mikanda, niliweka diski. Mama kwenye kochi, mjukuu kwenye zulia, mimi nimesimama kando ya televisheni. Nilianza kwa nguvu zote. Mbuzi nikamfanya mtu wa kwetu Fizi. Mama wa mbuzi nikampa sauti ya jirani yetu wa kambini, yule mpenda umbea. Mama alicheka, alicheka kwelikweli, lakini alicheka akinitazama mimi. Mtoto alitazama televisheni. Nililiona hilo, nikazidisha sauti.

Kisha ikafika sehemu ambayo mbuzi yuko peke yake na hakuna anayesema. Theluji inaanguka, naye anatazama madirisha ya watu. Sheria ya kibanda naijua. Nikaanza kumsemea shida zake, njaa yake, babu zake, na jinsi kwao wasivyolala nje. Binti yangu akainuka, akasimamisha filamu, akaja kuniziba mdomo kwa kiganja. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba hapa mtu ananyamaza.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Swali lile nimelijibu tangu mtoto alipojua kusema. Nilitaka kulijibu na siku ile. Lakini kiganja kilikuwa bado mdomoni, na nikaona jinsi wote wawili walivyonigeukia, kila mmoja anangoja kwangu maneno ya mwenzake, ingawa baina yao hapakuwa hata na nafasi ya kuweka meza. Hasira ikanipanda, si juu yao. Nikatikisa kichwa kama mtu asiyejua, nikaenda kukaa karibu na mume wangu.

"Anasema nini?" mama akarudia, safari hii akimtazama mtoto.

Mume wangu alikagua dari. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi, na haikuwa kazi ndogo.

"Mama... kelele," binti yangu akasema.

Mama akapiga makofi. "Njo vile! Anapigaka kelele tangu alizaliwaka!"

Wakairudisha sehemu ile wakaitazama bila neno, mama ameinama mbele, mikono magotini. Mbuzi alipofika kwenye mlango wa nyumba, mama akamgusa mjukuu begani.

"Huyu mbuzi, nani anamusukumaka? Sioni kamba."

Mtoto alijua. Shuleni walishatengeneza filamu yao fupi kwa udongo wa kuchezea. Jibu lote alikuwa nalo kwa Kiingereza, na niliona anavyolitafutia pa kutokea. Akanitazama. Nikatazama zulia. Basi akamvua bibi yake ndala moja, akaiweka sakafuni.

"Mkono," akasema, akaisukuma kidogo. "Halafu toa mkono. Halafu picha." Akaisukuma tena. "Kidogo, toa mkono, picha. Kidogo, toa mkono, picha. Mingi, mingi."

"Na mkono haionekane?"

"Hapana, Bibi. Mkono toka."

Kesho yake wakaanza ya kwao, kwa simu ya kaka. Walitaka ndala za mama ziende zenyewe kutoka kwenye kochi mpaka jikoni. Mama asukume, mtoto apige picha. Nilidhani watacheza kidogo waache, lakini ukaidi wangu sikuuokota barabarani. Mama aliposahau kuondoa kidole, mtoto alipiga kelele, "Bibi, toa mkono!", akafuta picha, wakarudi nyuma. Magoti yakamuuma mama; akaomba mto, akapiga magoti juu ya mto. Chai ikapoa. Kaka alikuja kudai simu yake akafukuzwa kama kuku.

Mimi nilikuwa jikoni nikikata vitunguu ambavyo havikuhitajika, masikio yote yako sebuleni. Nilisikia nyuma, ngoja, pole pole, unaharibu, haribu wewe. Mtoto alikosea nusu ya maneno, mama akaongeza ya kwao ambayo mtoto hakuwahi kuyasikia, na hakuna aliyeniita.

"Mnataka msaada?" nikauliza mara moja tu.

"Hapana!" wakajibu pamoja.

Nilifurahi na nikaumia papo hapo, kama mtu aliyeachishwa kazi ambayo ilikuwa imemchosha.

Jua lilipokuwa linashuka wakatuita. Filamu yenyewe ilikwisha kabla sijakaa sawasawa. Ndala mbili za plastiki zinatembea zenyewe, moja inajikwaa, nyingine inaingoja, halafu zinaingia jikoni. Mama akataka irudiwe, ikarudiwa, akataka tena. Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka, na mimi machozi yalinitoka bila kicheko.

Hotuba yangu nilikuwa nimeipanga njia nzima tangu Columbus: chumba chake, kanisa letu lenye kwaya ya Kiswahili, duka linalouza unga wa muhogo. Nikafungua mdomo niianze. Mama akanipita, akamwuliza mjukuu wake kama filamu imeisha.

"Hapana," mtoto akasema. Akafikiri, uso umekunjamana. "Nyumba yangu iko na ngazi. Ndala panda ngazi. Mimi picha." Akamnyooshea bibi yake kidole. "Lakini nani mkono?"

Mama alishikilia kochi akainuka kwa taabu, akanyoosha kitenge chake. Kisha akamwita kaka yangu kwa sauti ya kusikika nyumba nzima.

"Papa, weye wende na muke yako, Mungu abalinde. Mi ninaenda na huyu."

Hakunitazama. Alikuwa amemshika mtoto mkono.