Ami Aliponioza Mbele ya Kamera

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoolewa katika tamthilia ya televisheni, na hadi leo wapo majirani wa Mji wa Kale wanaoamini kwamba niliolewa kweli. Siwalaumu. Kuna siku ambazo hata mimi sikuwa na hakika.

Tamthilia ilipigwa picha Kibokoni, katika nyumba ya ghorofa iliyo vichochoro viwili kutoka kwetu. Nilikuwa nikiigiza tangu shule ya upili, sehemu ndogondogo: mtumishi anayeleta chai, mwanafunzi anayelia, mgonjwa asiyesema kitu. Hii ilikuwa sehemu yangu kubwa ya kwanza. Nilikuwa mke wa mfanyabiashara kijana mwenye wivu, mwanamke anayefungiwa ndani. Mamangu alikubali kwa sharti kwamba ami yangu, mdogo wa marehemu babangu, awe akinisindikiza. Ami alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kamera, tasbihi mkononi, akitazama kila kitu kama mkaguzi.

Siku ya kupiga picha za nikahi, yaani kufunga ndoa, mzee aliyepangiwa kuwa baba wa bibi harusi hakutokea. Mwelekezi, kijana wa bara mwenye haraka, akamgeukia ami, ambaye tayari alikuwa na ndevu na kanzu. Ami akapokea karatasi, akaisoma, akaikunja.

"Nani aliyeandika haya?"

"Mimi, mzee."

"Sivyo mtu anavyooza hivi. Nikisema maneno haya, msikiti mzima utanicheka."

"Basi sema unavyojua, mzee wangu."

Ami ameoza wasichana wengi wa ukoo wetu, na hajui kuoza kwa mchezo. Alinijia nyuma ya pazia akaniuliza kama nimeridhia. Nikasema ndiyo, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Akarudi mkekani, akaushika mkono wa kijana wa Tudor aliyeigiza mume wangu, na kwa sauti yake ya harusi akamwozesha. Alitaja jina langu mimi, na la marehemu babangu, na mahari ya msahafu. Jina la kwenye karatasi hakulikumbuka kabisa. Kijana akajibu bila kusita kwamba amekubali. Wanaume kumi na watano wa mtaa, waliokuja kuwa wageni, wakaitikia amina. Halua ikapitishwa, kahawa ikamiminwa, na mwelekezi akafurahi kwamba hakuna haja ya kurudia.

Kwenye kipindi jina langu lilifunikwa kwa muziki. Lakini wale kumi na watano walikuwa na masikio, na majumbani mwao walikuwa na wake. Nikaanza kuitwa bibi harusi vichochoroni, nami nikawa nacheka nao.

Kisha ikaja simu kutoka Nairobi. Filamu, sehemu kuu, miezi mitatu. Nijibu kabla ya Ijumaa. Nilikimbilia jikoni, ambako mamangu alikuwa akikuna nazi.

"Sina ruhusa ya kukupa miye," alisema bila kuinua kichwa. "Muulize mumeo."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mama, ule ulikuwa mchezo."

"Ndoa haina mchezo. Walii wa kukuoza ni ami yako, mashahidi wamejaa barazani, na wewe umesema ndiyo. Hwendi Nairobi nawe u mke wa mtu, mpaka mwenyewe aseme."

Ami alikwenda kumuuliza mwalimu wake wa madrasa, akarudi amenywea. Wapo wanazuoni wanaosema ndoa kama hiyo haikufungika, alituambia, na wapo wanaosema imefungika. Penye shaka, kijana na atoe talaka, nyoyo zitulie. Alisema hayo akiutazama ukuta. Mtu aliyeogopa kuchekwa kwa kuyakosea maneno alikuwa sasa akichekwa kwa kuyapatia.

Nikampigia kijana wa Tudor.

"Bwana wangu," nilianza kwa utani, "naomba ruhusa ya kusafiri."

"Wapi tena, mke wangu?" Alikuwa akicheka.

"Nairobi. Filamu, miezi mitatu. Wewe toa talaka tu, mama aniachie."

Kicheko kikakatika. "Na tamthilia?"

"Waseme nimekufa."

"Ukifa wewe, mimi nafanya nini? Hadithi yote ni mtu aliyemfungia mkewe. Mke hayupo, mume wa nini? Nimezunguka miaka minne, bibi wee, hii ndiyo sehemu pekee niliyopewa."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo sikuruhusu. Tumalize kwanza."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonizuia. Ningeweza kwenda Mwembe Tayari nikapanda basi la asubuhi la Nairobi. Mara mbili nilikunja nguo, mara mbili nikazikunjua, nikimfikiria ami akipita barazani huku wenzake wakimuuliza mke wa watu amekimbilia wapi. Nilipotumwa dukani, muuza duka alinipimia sukari huku akitabasamu: "Mumeo ajua kuwa uko nje?" Ulikuwa utani tu, lakini nilirudi nyumbani haraka kama mwenye kosa.

Ijumaa ikapita. Sehemu yangu ilipewa msichana mwingine.

Kijana alikuja Jumamosi baada ya alasiri, pamoja na mamake. Alikuwa amesikia kwamba filamu imenipita. Aliketi mbele ya ami, akaitamka talaka moja, na sauti ikamkatika katikati. Sijawahi kumwona akiigiza vizuri kiasi hicho. Ami akaniambia sina eda ya kungoja, kwa kuwa hatukuwahi kukaa faragha; niko huru tangu dakika ile. Mamangu akaleta chai. Hakuna aliyeinywa.

Jumatatu tulirudi Kibokoni kupiga kipindi ambacho mke anajaribu kutoka. Mlango wa chumba kile cha juu haukuwa na kufuli, kwa hivyo mwelekezi alimweka kijana nje, aushikilie kwa mikono miwili, mbali na kamera.

Nilitakiwa kusema, "Nifungulie." Nikasema, kisha nikavuta. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, mguu nimeukita ukutani, na nikamsikia upande wa pili akihema, ameushika asiuachie.

Mwelekezi akasema ni vizuri sana, lakini turudie.