Neno Lisilotajwa Magharibi

Nilipokuwa msichana mdogo pale kijijini Kanga, enzi za Mdachi, nyumbani kwetu nyoka hakuwa na jina jua likishazama. Aliitwa kamba. Bibi alisema ukimtaja kwa jina lake umemwita, na akija haondoki mikono mitupu. Baba, aliyetufundisha Kurani na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alisifika kwa usomi, lakini kwa hili alimtii mama yake. Sisi watoto tungethubutu wapi!

Magharibi moja, baba akiwa safarini Kilwa, dada yangu Mwanakheri aliingia jikoni kuchukua kuni, akagongwa mguuni. Bibi alimfunga kitambaa juu ya goti, akanigeukia. "Kimbia kwa Mathayo! Mwambie dada'ko kagongwa na kamba!"

Mathayo alikuwa mnyapara wa shamba la minazi, mtu wa bara aliyesomeshwa na mapadri, na ilijulikana kwamba ana jiwe la kunyonya sumu. Nilifika natweta. Hata hivyo nilimwamkia kwanza, ndivyo nilivyolelewa.

"Shikamoo. Bibi anakuita! Dada kagongwa na kamba!"

"Marahaba. Nani kampiga?"

"Kamba! Kamba kamgonga mguuni!"

Akatikisa kichwa. "Mambo ya kuchapana ni ya nyumba yenu, mwanangu. Mimi siingilii."

Nikalia. Neno lilinifika kooni likagoma. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna aliyewahi kunikataza kuliandika. Nikachuchumaa, nikaliandika mchangani kwa kidole, kwa mwandiko ule ule aliokuwa akiusifu baba. Mathayo akainama na taa yake.

"Herufi zenu hizo mimi sizisomi," akasema kwa upole, akaanza kurudi ndani.

Ndipo nikapiga kelele: "Nyoka! Nyoka! Nyoka!"

Alichukua jiwe lake akanipita mbio. Tulimkuta Mwanakheri hawezi tena kufumbua macho, na alfajiri haikumkuta. Mathayo alikuwa akirudia tu, "Mngeniambia mapema." Bibi aliniuliza jambo moja.

"Ulilitaja?"

Nikaitikia. Hakunipiga. Alijifunika leso usoni, na mpaka anakufa aliamini ni neno langu lililommaliza dada.

Nimewakasirikia wote kwa miaka mingi: Bibi, Mathayo, hata baba na herufi zake. Nilipewa kusema na nilipewa kuandika, na siku niliyovihitaji vyote viwili vilinifikisha kwa mtu aliyelelewa kwingine. Dada yangu alikufa huku mimi nikieleza. Bado naumia. Wanangu niliwasomesha herufi za mapadri na zetu, nikawaambia waite kila kitu kwa jina lake, saa yoyote.

Juzi, magharibi, mjukuu wangu alipiga kelele uani: "Bibi, nyoka!" Kabla sijatazama huyo nyoka yuko wapi, mkono wangu ulikuwa umeshamziba mdomo.